Usiniambie mbwa ana kisirani, niambie kafanya nini!

HEBU siku moja jipitishe mitaa ya Mikocheni au Mbezi Beach, mpenzi msomaji, utazame mageti. Hutamaliza mtaa bila kukutana na kibao cha rangi nyekundu: TAHADHARI, MBWA MKALI. Wengine wamechora na kichwa kabisa, meno nje, ulimi unaning'inia. Ukichungulia ndani, pengine unakuta kimbwa koko kimelala chini ya gari, kinajikuna viroboto na kumtikisia mkia kila mgeni. Halafu nyumba ya pili, isiyo na kibao wala rangi, ndiyo yenye mbwa atakayeondoka na kipande cha suruali yako.

Sisi Waswahili kwa kutoa majina hatujambo. Mbwa akibweka, mkali. Akinuna, ana kinyongo. Akimsukuma mwenzake sahanini, ana wivu. Akiitwa asije, ana dharau. Akila dagaa walioanikwa, mwizi. Akilala kwenye kochi, anajifanya bosi. Na tukishindwa kabisa kumwelewa, tunamaliza kesi kwa neno moja zito: ana kisirani.

Wahenga wa mjini wanasema ukitaka kumuua mbwa, mpe jina baya. Mimi naongezea: jina hilo hilo linaweza kumuua na mtoto wa jirani. Usicheke. Soma kwanza.

KISIRANI WA KILANGALA

Ninaye mjomba anaishi Kilangala, mkoani Lindi, kule upande wa Mchinga. Ni mkulima wa mihogo, ufuta na mikorosho. Kule kama huna mbwa, nguruwe pori na ngedere wanavuna kabla yako, wewe unabakia kuhesabu mashimo. Lakini kwa watu wa pwani mbwa si mnyama wa kupakata. Halali ndani, haguswi ovyo, na mate yake yakikupata una kazi ya kujitoharisha. Kwa hiyo anatazamwa kwa mbali, na kinachotazamwa kwa mbali hakikosi hadithi.

Mbwa wa mjomba anaitwa Kisirani. Jina hilo hakupewa kwa sababu ya tabia. Alipewa kwa sababu ya jirani. Palikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, basi mjomba akanunua kesi kwa njia ya mafumbo, kama akina mama wanavyorushiana maneno kwa kanga. Kila jioni anasimama uani na kupaza sauti: "Kisirani! We Kisirani! Njoo ule!" Jirani anasikia, anameza mate.

Msimu mmoja wa korosho nikaenda kuwasalimia, nikafikia kwenye kasheshe. Kisirani kamng'ata mtoto wa jirani yule yule, wa kiume, miaka tisa, kwenye mkono. Uani pamejaa watu. Vijana wawili wameshashika marungu.

"Mbwa huyu ana kinyongo na nyumba yangu!" anafoka baba wa mtoto. "Kafundishwa!"

"Kinyongo gani? Huyo kashapandwa na kichaa," anasema bibi mmoja. "Auawe leo leo."

Mke wa mjomba naye ana lake: "Ni wivu tu. Tangu tulete kile kidogo, huyu moyo wake umebadilika."

Mjomba, mtetezi wa mshitakiwa, anasema: "Mbwa wangu mpole kama kondoo. Huyo mtoto mchokozi."

Umesikia hapo? Kinyongo, kichaa, wivu, mpole. Watu wanne, maneno manne, na kila mmoja ana hakika kama jaji. Wakati huo mtoto kakaa kwenye gogo, mkono umefungwa kipande cha kanga, damu inapenya, na hakuna hata mmoja aliyeosha lile jeraha.

Ndipo akafika bwana mifugo na pikipiki yake. Kasalimia wazee, "Shikamooni," kaitikiwa, kisha hakuuliza habari ya mbwa kwanza. Aliomba maji na sabuni. Akakifungua kile kitambaa, akawaambia wamwoshe mtoto kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano kwa saa ya mkononi, bila kufupisha. Mtoto analia, maji yanamwagika, bwana mifugo anaangalia saa.

Baada ya hapo ndipo akamgeukia mjomba.

"Haya mzee wangu, niambie."

"Mbwa huyu kwa kweli ni mpole..."

"Hapana, mzee wangu. Usiniambie yukoje. Niambie kafanya nini."

"Kamng'ata mtoto."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Halafu?"

"Kamwachia. Karudi nyuma mpaka mnyororo ukaishia."

"Kumbe kafungwa. Kang'ata mtu mwingine wiki hii? Mbuzi? Kuku?"

"Hapana."

"Anakula?"

"Asubuhi kala ugali wote."

"Maji anakunywa? Sauti yake ya kubweka ni ile ile? Hapepesuki? Hatoki mate mengi?"

"Yuko vile vile."

"Kachanjwa?"

Mjomba akakohoa. Jibu likawa limepatikana.

Kisha bwana mifugo akachuchumaa mbele ya mtoto. "Na wewe, baba, ulikuwa unafanya nini alipokung'ata?" Mtoto akafuta machozi: "Nilikuwa namvuta kwa mnyororo, aje huku tucheze."

Basi yule bwana akamzunguka Kisirani kwa mbali, taratibu, bila kumkodolea macho. Akamwona anainamisha shingo upande mmoja. Akatuita tutazame. Mnyororo ulikuwa umekatika, ukaungwa kwa waya, na ule waya umezama shingoni mpaka kwenye nyama. Usaha unatoka. Mtoto alipovuta mnyororo, alivuta kidonda.

Uani pakawa kimya. Hapakuwa na kinyongo, wala wivu, wala wakala wa ugomvi wa mpaka. Palikuwa na waya.

Lakini bwana mifugo hakuishia hapo, na hapa ndipo nilipomvulia kofia. Hakusema, "Basi, yamekwisha, ni waya tu." Alisema mtoto aende hospitali mjini Lindi siku hiyo hiyo akaanze chanjo, kwa sababu mbwa hajachanjwa na mambo haya hayachezewi pata potea. Mbwa asiuawe. Afungiwe mahali salama, apewe chakula na maji, atibiwe kidonda, atazamwe siku kumi. Waya ulitolewa baada ya mdomo kufungwa kwa kitambaa. Vijana wakaweka marungu chini.

Siku ya kumi na moja mjomba akanipigia simu: "Mpwa wangu, yule mtu kamaliza siku zake. Anakula kunishinda mimi."

'KICHAA' NACHO NI JINA

Sasa tuingie kwenye kiini chenyewe. Ugonjwa wenyewe tumeupa jina la tabia: kichaa cha mbwa. Jina hilo linamfanya mtu asubiri kuona kichaa. Anamsubiri mbwa anayetoa povu, anayekimbia hovyo na kuuma kila kilichoko njiani. Huyo yupo kweli. Lakini wapo wagonjwa wengine ambao hawana fujo yoyote. Mbwa anajificha kwenye giza, anakuwa mnyonge, taya linalegea, anashindwa kumeza. Mwenyewe anasema, "Maskini, ana huzuni," au anadhani mfupa umemkwama kooni, anatia mkono mdomoni kuutoa. Kwisha habari yake.

Ugonjwa huu unaletwa na kirusi, na kirusi hakijui mpole wala mkali. Kinapita kwenye mate, kinaingia kwa kung'atwa, kwa mkwaruzo, au mate yakigusa kidonda. Dalili zikishamtokea binadamu, karibu hakuna anayepona. Kati ya kung'atwa na dalili mara nyingi hupita miezi miwili mitatu, ndiyo maana mtu anasahau. Lakini ukiosha jeraha mara moja kwa sabuni dakika kumi na tano na kupata chanjo mapema, unaokoka. Louis Pasteur alimchanja mtoto mmoja mwaka 1885, na tangu hapo dunia inajua kwamba kifo hiki kinazuilika. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika vifo vya binadamu mbwa ndiye chanzo kwa hadi asilimia 99.

Lindi si mgeni wa habari hii. Mwaka 2010 ulianza mradi mkubwa wa kuchanja mbwa kusini mashariki mwa Tanzania, chini ya WHO na kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates. Ulihusu wilaya 28, za Lindi zikiwamo, pamoja na kisiwa cha Pemba. Watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Afya Ifakara, wakafuatilia visa vya Lindi na Mtwara mwaka hata mwaka. Kitu kimoja kiliwashangaza wengi: sehemu kubwa ya wanyama waliokuwa na ugonjwa kusini walikuwa mbweha, wale wanaovinjari mashamba usiku. Kwa hiyo mbwa wako wa shamba anaweza kuumwa na mbweha wewe umelala. Hakuna cha tabia hapo, ni suala la kuchanjwa au kutochanjwa.

Na unajua watu wa afya na wa mifugo wanachunguzaje kisa? Wanauliza maswali yale yale ya bwana mifugo wa Kilangala. Alichokozwa au hakuchokozwa? Kang'ata wangapi? Sauti imebadilika? Yuko hai siku ya kumi? Siku kumi hizo zina maana yake: mbwa aliyekuwa na kirusi kwenye mate siku alipong'ata, ndani ya siku kumi ataugua au atakufa. Akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku ile. Ukimuua kwa hasira kabla ya hapo, umejinyima jibu. Katika fomu yao hakuna mahali pa kuandika 'kisirani'.

"ANAJUA KAKOSA HUYO!"

Tuhamie mjini. Umerudi kazini, umekuta kiatu kimetafunwa. Mbwa kakunja masikio, mkia katikati ya miguu, macho chini. Unasema: "Mnaona? Anajua kakosa! Ona sura ya aibu!" Unampa kichapo.

Mwaka 2009 mtafiti wa New York aitwaye Alexandra Horowitz aliijaribu sura hiyo ya aibu kwa mbwa 14. Mwenye mbwa anaweka biskuti, anamkataza mbwa, anatoka chumbani. Nyuma yake, mara mbwa anapewa biskuti ale, mara biskuti inaondolewa bila yeye kuila. Mwenye mbwa akirudi anaambiwa mbwa kala au hakula, na mara nyingine anadanganywa. Matokeo? Sura ya aibu ilitokea mbwa alipokaripiwa, awe kala au hakula. Tena walioionyesha zaidi ni wale ambao hawakula kitu, wakakaripiwa bure!

Maana yake ni kwamba unachokiona pale ni mbwa anayesoma uso wako, sauti yako na mkono wako ulioinuka. Anajikunja ili usimpige. Yeye na kile kiatu walishaagana saa nne asubuhi. Ukimpiga saa kumi na moja jioni, hajifunzi kwamba kiatu ni haramu. Anajifunza kwamba wewe ukiingia mlangoni jioni, kuna kipigo. Kesho akikukimbia utasema tena: "Ana dharau!"

WIVU NA UBOSI

Kuna msomaji ananung'unika hapo: "Mwandishi unatuambia mbwa hana moyo?" Hapana, bwana. Mbwa anaogopa, anafurahi, anaumia. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichukua mbwa 36, wakawaambia wenyewe wambembeleze mbwa wa bandia anayebweka na kutikisa mkia. Mbwa wengi walisukuma, wakajipenyeza katikati, wengine wakataka kuuma, kuliko mwenyewe alipokuwa akisoma kitabu. Waliofanya utafiti wakasema huenda ni aina fulani ya wivu, wengine wakapinga.

Waache wabishane. Swali langu ni moja: ukishasema 'wivu', kesho asubuhi unafanya nini? Wivu huushiki kwa mkono. Lakini ukisema, "Ninapomshika mbwa mdogo, mkubwa anajipenyeza na kumng'ata sikio," hapo una kazi ya kufanya. Unawalisha mbali mbali. Unampa mkubwa kitu cha kutafuna wakati unamshika mdogo. Unamzoesha kwamba mdogo akishikwa, na yeye anapata.

Na hili la ubosi, la kwamba mbwa anataka kukutawala kama mbwa mwitu mkuu wa kundi, limetuchelewesha sana. Chanzo chake ni Rudolf Schenkel, ambaye mwaka 1947 aliandika habari za mbwa mwitu waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama huko Basel, Uswisi. David Mech wa Marekani akalitangaza neno hilo la 'alfa' katika kitabu chake cha mwaka 1970. Kisha huyo huyo Mech akaenda kuishi karibu na mbwa mwitu wa porini kaskazini mwa Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Hakuna mapinduzi ya serikali. Hata hivyo, mpaka leo kuna watu wanawalaza mbwa chali na kuwakaba shingo eti kuwaonyesha nani bosi. Mbwa kalala kwenye kochi kwa sababu kochi ni laini, mshikaji. Hata wewe unalala hapo.

MBWA ALIYEFUNGUA GETI

Hadithi ninayoipenda zaidi ni ya mzee mmoja wa Bristol, Uingereza, Conwy Lloyd Morgan, aliyeandika kitabu mwaka 1894. Alikuwa na kimbwa kiitwacho Tony, aina ya teria. Tony alikuwa anafungua geti la chuma: anaweka kichwa chini ya komeo, analiinua, geti linafunguka, anatoka barabarani. Wapita njia wakimwona wanasema, "Mbwa ana akili huyu! Kaelewa komeo linavyofanya kazi!"

Lakini Morgan alikuwa ametazama tangu mwanzo. Tony alikuwa akichungulia barabara kwa kupenyeza kichwa kwenye nafasi za vyuma, hapa na pale. Siku moja kichwa kikaangukia chini ya komeo, likainuka kwa bahati, geti likajifungua. Akatoka. Siku nyingine akajaribu tena, akakosea, akapatia. Ilichukua karibu wiki tatu mpaka akawa anakwenda moja kwa moja kwenye komeo.

Morgan akatoa kanuni ambayo wasomi wa wanyama wanaifuata mpaka leo: usieleze kitendo kwa sababu kubwa ya akilini, kama sababu ndogo inatosha. Mwenye kumwona mnyama leo tu atatunga hadithi. Aliyemtazama tangu siku ya kwanza ataona jinsi alivyojifunza.

Na kama unadhani haya ni mambo ya Wazungu, nenda Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya akipatia, kidude kinalia 'klik', anapata kipande cha ndizi. Akikosea, hapati. Hakuna anayemtukana panya kwamba ni mkaidi. Mmoja wao, Magawa, alifundishwa Tanzania, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Alikufa Januari 2022 na heshima zake. Hebu fikiria kama mwalimu wake angemwandika kwenye daftari: "Panya huyu ana kisirani."

KABLA, KITENDO, BAADA

Haya, ufanyeje nyumbani kwako? Chukua daftari la shule, piga mistari miwili, upate safu tatu: Kabla, Kitendo, Baada. Mbwa akifanya la kuudhi, andika. Kanuni ni moja: usiandike neno ambalo kamera isingeweza kulipiga picha. Kamera inapiga picha ya meno. Haipigi picha ya kinyongo.

Tuanze na yule 'mwizi' wa dagaa. Kabla: dagaa wameanikwa kwenye mkeka chini, hakuna mtu. Kitendo: kala. Baada: tumbo limejaa. Mbwa hana habari kwamba dagaa wana mwenyewe. Dawa yake ni kichanja kirefu. Ukiendelea kuanika chini, unamlipa mshahara.

Aje yule 'mkali' anayefukuza bodaboda. Kabla: pikipiki inapita kwa kelele. Kitendo: anabweka na kukimbiza. Baada: pikipiki inaondoka. Kwa hesabu yake yeye kaifukuza, na kila siku anashinda! Ndiyo maana hachoki. Dawa ni kumfunga au kumweka ndani ya ua wakati wa pikipiki nyingi, na kumzoesha kwa mbali, pikipiki ikipita anapata kipande cha kitu kizuri, ukisogea karibu kidogo kidogo.

Na 'mkaidi' asiyekuja akiitwa je? Tazama safu ya Baada. Ukimwita, mara nyingi kinachofuata ni nini? Kufungwa mnyororo. Kuogeshwa. Kipigo. Hata mimi nisingekuja. Mwite mara kumi kwa siku umpe kitu na kumwachia aende zake, halafu uone kama ukaidi hauponi.

Kuna na 'mkorofi' anayenguruma ukikaribia sahani yake. Huyu usimpige kwa kunguruma, nakuomba sana. Kunguruma ni honi. Kabla ya honi pana ishara nyingine: anageuza kichwa, anajilamba midomo, anapiga miayo bila usingizi, anakakamaa ghafla, weupe wa macho unaonekana. Ukimpiga akinguruma, unang'oa honi lakini breki hujaziweka. Siku nyingine atang'ata kimya kimya, halafu utasema "kabadilika ghafla". Mwache ale kwa amani, na watoto wakae mbali.

Na tabia ikibadilika kweli kweli, mbwa aliyekuwa akicheza sasa anang'ata akiguswa, usitafute neno. Tafuta kidonda, jino bovu, sikio linalouma, kupe, waya. Umkose kabisa chanzo, mwite mtaalamu wa mifugo. Na kumbuka Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtesa mnyama ni kosa, hata kama umempa jina baya kwanza.

MWISHO KABISA

Najua wengine mmeshaanza kujiuliza kama daftari hili linafaa na kwa mchumba. Ukimwambia mwenzio, "Wewe una dharau," mtagombana mpaka alfajiri. Ukimwambia, "Jana nilikupigia mara tatu hukupokea," angalau kuna kitu cha kujibu. Hayo nawaachia wenyewe, mimi leo nilikuwa na mbwa.

Kazi ya nyumbani ni hii. Wiki hii chagua neno moja unalolitumia sana kwa mbwa wako, ulifungie kabatini, na badala yake andika siku saba alichofanya. Mpeleke akachanjwe, na kila mwaka mpeleke tena. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, uliza kwa bwana mifugo wa kata yako kama kuna chanjo. Wafundishe watoto wasimsogelee mbwa aliyefungwa, anayekula au aliyelala. Na akitokea wa kung'atwa, kesi ya kinyongo isubiri. Maji, sabuni, dakika kumi na tano, halafu hospitali.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.